Mawimbi ya Futi Nane

Bahari nimeiona mara moja tu maishani, tena nikiwa mstaafu, nilipompeleka mke wangu kwenye hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Siku hiyo ilikuwa imetulia. Maji yalikuja, yakalowesha mchanga, yakarudi, basi. Nilisimama pale nimeshika viatu mkononi nikingoja kuona jambo la maana, sikuliona. Mke wangu akaniuliza kama ndiyo hiyo niliyokuwa nikiiandika ubaoni miaka ile. Nikamwambia ndiyo. Tukaenda kutafuta basi.

Miaka ile nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Misigiri. Kijiji kilikuwa kichanga. Watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao ya zamani huko mabondeni, ambako kila mtu aliishi na ng'ombe wake na jirani alikuwa mbali, wakapangwa kwa mistari kwenye uwanda mmoja mweupe. Nilifundisha darasa la tatu na la nne ndani ya chumba kimoja, nusu wakitazama ukuta huu na nusu ukuta ule. Jioni nilifundisha watu wazima. Jumamosi tulikuwa shamba la kijiji, na mwalimu alitakiwa afike wa kwanza ili awe mfano. Jumapili mikutano. Nyumba yangu mwenyewe ilikaa mwaka mzima haijaezekwa upande wa jikoni, na mke wangu alipikia chini ya turubai bovu akinitazama tu. Watu wa umri wangu wakikaa wakasimulia siku zile, huyu anakumbuka nyimbo, yule anakumbuka njaa. Mimi nakumbuka kuchoka. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama, chaki mkononi.

Kisha ikaletwa redio. Ilikuwa mali ya kijiji, ila mwenyekiti alisema redio ikae kwa mtu anayeweza kusikia neno na kuliandika kabla halijampotea, na mtu huyo akawa mimi. Ukutani mwa ofisi ya kijiji tulipigilia ubao. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza matangazo ya jioni nyumbani, kuyaandika kwenye karatasi, kisha kwenda kuyanakili ubaoni kabla giza halijaingia. Afisa mmoja aliyekuja kutoka Kiomboi alikazia kwamba habari za hali ya hewa ziandikwe zote, asiwepo wa kuchagua lipi liandikwe na lipi liachwe, kwa sababu wakulima wana haki ya kujua. Nikaitikia. Sikujua nimeitikia nini.

Habari za hali ya hewa zilianzia pwani kila siku. Mawimbi katika mwambao wa kaskazini yatakuwa ya futi nne mpaka tano. Upepo wa kaskazini mashariki, wa wastani. Wenye vyombo vidogo wachukue tahadhari. Kisha mwambao wa kusini, na wenyewe hivyo hivyo, na visiwa. Mtangazaji alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba, na hakuwa na haraka na maji yake. Alipomaliza kuizunguka bahari yote ndipo alipopanda bara, na sisi wa mikoa ya kati tulipewa sentensi moja: hali ya ukavu, na mawingu kiasi. Sentensi ile haikubadilika kuanzia Mei mpaka Novemba. Kwa hiyo ubao wetu ulikuwa na mistari sita ya bahari na mmoja wa kwetu, na katika kijiji kile chote hakuna aliyekuwa ameiona bahari isipokuwa mzee mmoja aliyewahi kukata mkonge Tanga.

Mwanzoni walicheka. Mama mmoja aliniuliza kama chombo chake, yaani lile bakuli alilobeba, ni kidogo kiasi cha kuhitaji tahadhari. Yule mzee wa mkonge akapata kazi ya kueleza. Wimbi, alisema, ni kama mbuga ya nyasi upepo unapopita juu yake, ila nyasi zenyewe zina uzito wa kumwua mtu. Wakataka kujua futi sita ni urefu gani. Nikachukua mkaa nikachora mistari kwenye ukuta wa ofisi, futi moja, mbili, tatu, mpaka kumi nikiwa nimepanda kiti. Tangu hapo nikawa sina raha. Kila jioni watu walikuwa wakiniwahi pale ukutani, na nikishaandika tu, mtu anakwenda kusimama penye mstari apime wimbi la leo linamfika wapi. Leo kifuani. Leo limemfunika.

Huo ulikuwa mchezo tu mpaka ilipofika miezi ya kupanda. Kwetu watu hawangoji mvua inyeshe ndipo wapande. Wanapanda uwele na mtama kwenye vumbi, udongo ukiwa mkavu kabisa, ili mvua ya kwanza ikigusa ardhi ikute mbegu iko tayari. Ukilenga vizuri unavuna. Ukiwahi mno, mbegu inakaa chini wiki tatu, inaliwa na sisimizi na panya, na kanga wanakuja kuifukua asubuhi kana kwamba wamealikwa. Ndiyo maana kujua siku ya kupanda ni jambo la kufa na kupona, na ndiyo maana watu hutafuta dalili popote wanapoweza kuzipata. Zamani walitazama miti fulani ya bondeni, na upande ambao ndege fulani walilalia. Sasa walikuwa wametolewa bondeni. Walichokuwa nacho karibu ni ubao wangu.

Mfugaji mmoja, mtu makini sana, ndiye aliyeanza. Mwaka ule wa kwanza aliona nimeandika mawimbi ya futi saba, akahesabu siku kwa kufunga mafundo kwenye kamba, na siku ya tisa mvua ikanyesha. Akaja kunieleza hesabu yake. Mvua inatoka baharini, hilo hata redio inakubali, maana upepo unatoka huko. Bahari ikichafuka, ndiyo mvua inafungasha safari. Kutoka huko mpaka hapa inatembea siku tisa. Nilimwambia sidhani kama iko hivyo. Akaniuliza iko vipi basi. Sikujua iko vipi, na nilikuwa na madaftari arobaini ya kusahihisha, nikamwambia labda.

Hiyo "labda" yangu ikatembea kijiji kizima. Mwaka uliofuata, Novemba ilipoingia, hakuna mtu aliyekuwa akisoma mstari wetu wa mikoa ya kati tena. Walisoma bahari. Wazee wasiojua kusoma waliletwa na wajukuu wao. Mwenyekiti alifurahi, akaniambia mahudhurio ya elimu ya watu wazima yameongezeka kwa sababu watu wanataka kujisomea mawimbi wenyewe, na kweli yalikuwa yameongezeka.

Lakini mwaka ule bahari ilikuwa imelala. Futi tatu, futi mbili, futi tatu. Jioni baada ya jioni nilikuwa naandika mawimbi ya magotini, na watu wanaondoka pale ukutani bila kuagana. Jua lilikuwa kali. Visima vilikuwa vimeshuka mpaka kina mama wakawa wanakwenda kupanga foleni ya ndoo alfajiri. Na mawe ya redio, yaani betri zake, yalikuwa yanakwisha. Duka la ushirika lilikuwa na sabuni leo, kesho halina. Mawe ya redio ndiyo usiseme. Mke wangu alikuwa akiyaanika juani kwenye ungo pamoja na mboga za majani, maana yakipata joto yalirudisha nguvu kidogo, ya kutosha kusikiliza bahari na sentensi yetu moja.

Kuna siku hayakurudisha. Mchana mke wangu alinitumia ujumbe shuleni kwamba redio haikoromi hata kidogo. Siku hiyo nilikuwa nimefundisha tangu asubuhi, nikaenda kung'oa visiki shamba la kijiji, nikaitwa kwenye kikao cha kamati kuhusu choo cha shule, kikao kilichochukua saa mbili na choo hakikupatikana. Nilitoka hapo natetemeka kwa njaa. Nikafika ofisini kuwaambia watu kwamba leo hakuna kitu, redio imekufa, waende makwao. Nikawakuta kama thelathini. Walikuwa wamekaa chini, wengine wamelala usingizi na vitoto vyao, wamenisubiri tangu jua likiwa juu. Walipoona nakuja wakasimama wote, wakapisha njia kwenda ubaoni, na mmoja akanipangusia ubao kwa kanga yake.

Ningeweza kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini nilijua yatafuatwa na maswali, kwa nini, lini, nani atakwenda Kiomboi kutafuta mawe, na nilijiona sina nguvu ya kujibu hata swali moja. Nikashika chaki. Mwambao wa kaskazini, futi nane. Upepo mkali wa kaskazini mashariki. Vyombo vidogo visitoke. Niliandika futi nane kwa sababu siku iliyotangulia zilikuwa tatu, na nilitaka waende nyumbani wakiwa na furaha, waniache. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, na nimeitafuta miaka mingi.

Walikwenda. Yule mzee wa mkonge alikwenda kusimama kwenye mstari wa futi nane akainua mkono ili aufikie, na watu wakashangilia. Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa mashambani kinapanda kwenye vumbi. Mwenyekiti aliamuru mbegu za shamba la kijiji zipandwe zote. Kwangu mke wangu alipanda pia, kwa sababu mke wa mwenye ubao asipopanda watu watasema nini. Yeye alijua redio haikuwa imesema kitu. Alipanda mstari baada ya mstari bila kuniangalia, na jioni akaniambia niende nikafute. Nikamwambia mvua itakuja tu, ndiyo majira yake. Ubao nikauacha vile vile, na watu nikawaambia kwamba sasa mawe ya redio yamekwisha.

Siku tisa zikapita. Kumi. Kumi na mbili. Sisimizi walipanga njia zao nyeupe kwenye matuta. Kanga walikuja makundi kwa makundi. Siku ya kumi na nne mfugaji wa kamba alikuja kwangu, akaketi, akafungua mafundo yake yote mbele yangu moja moja. Alikuwa hana hasira. Alichotaka ni kuelewa. Bahari ilichafuka, alisema, hilo tuliliona. Mvua ilitoka huko, haiwezi kubaki. Siku tisa zimepita, hapa haikufika. Kwa hiyo kuna mahali imeshikwa. Mwalimu, nani ameishika?

Hapo ndipo nilipopata kuogopa kweli kweli, kwa sababu kabla hajaondoka nilijua watamtaja nani.

Mwisho wa mstari wetu wa nyumba alikaa mama mfinyanzi. Alikuwa mjane, mtu mzima wa makamo, watoto wake walikuwa wameolewa mbali, na ndugu yake pekee alikuwa Rungwa anakofuga nyuki. Alipohamishwa kutoka bondeni alilia kwa sababu ya udongo wake, maana udongo wa huku uwandani hauvumilii moto, na mara mbili kwa wiki alikuwa akitembea kurudi kule kuuchimba na kuubeba kichwani. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi na vinalia vizuri ukivigonga. Mtungi wa maji wa nyumbani kwangu alitutengenezea yeye. Bei yake ilikuwa ile ya zamani: chungu ukitakacho unakijaza uwele, uwele unabaki kwake, chungu unakwenda nacho. Kwa hiyo hakulima sana, na wiki ile kijiji kizima kilipopanda kwenye vumbi, yeye hakupanda. Alikuwa na vyungu ishirini na kitu, vibichi, amevipanga uani mwake vikauke kabla ya kuchomwa. Kila aliyepita aliviona. Na kwetu inajulikana tangu zamani kwamba mfinyanzi hapendi mvua vyungu vyake vikiwa vibichi.

Mkutano uliitishwa Jumapili. Nisingependa watu wafikiri kulikuwa na kelele, hakuna aliyemtukana. Walizungumza naye kwa heshima, walimwita mama, walimpa kiti. Walimwuliza kama hakupanda, akasema hakupanda. Walimwuliza vyungu ni vya lini, akasema ni vya tangu wiki ile ya mawimbi. Mwenyekiti akaniuliza mimi, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, siku ile mawimbi yalikuwa futi ngapi. Nilikuwa katibu wa mkutano, kalamu iko mkononi. Nikasema nane. Kisha nikaandika kwamba nimesema nane.

Waliamua kufanya kile ambacho wazazi wao walikuwa wakifanya zamani, kumwagia vyungu maji ili mvua ifunguke. Vijana walichota maji kisimani, maji ambayo wake zetu walikuwa wameyapangia foleni tangu alfajiri, wakayabeba mpaka uani kwake wakavimwagia kimoja kimoja. Chungu kibichi kikipata maji hakipasuki. Kinalegea. Mdomo unashuka kwanza, kisha tumbo linabonyea, kisha kinakaa chini kama mtu aliyechoka, na baada ya hapo ni tope tu. Mama mfinyanzi alikuwa amekaa mlangoni kwake akitazama, mikono mapajani. Kijana mmoja alikisahau kimoja kidogo nyuma ya mlango, naye akainuka, akakileta mwenyewe.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mwenyekiti. Mke wangu ndiye aliyenisukuma, alisema nisipokwenda mimi atakwenda yeye. Nikamweleza mwenyekiti kila kitu: redio ilikuwa imekufa, futi nane nimezitunga mimi, mama wa watu hana kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa amechoka kama mimi, na mbegu za shamba la kijiji zilikuwa zimeliwa kwa amri yake.

"Ndugu mwalimu," alisema, "ukiwaambia hilo la mawimbi, kesho watauliza na hilo la choo, na la mbu, na la kuchemsha maji, na la chanjo. Yote yamepita kwenye ubao ule ule. Yule mama, vyungu atafinyanga vingine."

Akaniambia nikalale. Nami, Mungu anisamehe, nilipata nafuu. Nilihisi kwamba nimeshasema, kwamba sasa ni lake yeye, nikaenda kulala kweli.

Asubuhi nilipitia kwa mama mfinyanzi kabla ya kengele ya shule. Nilikuwa nimejiambia kwamba angalau yeye mwenyewe ajue. Nilimkuta anafunga mzigo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwalimu, akanisogezea kigoda. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza vizuri, pole pole, kama ninavyoeleza hesabu, kwamba hapakuwa na mawimbi, hapakuwa na mvua iliyoondoka baharini, kwa hiyo hapakuwa na mvua ya mtu kuishika. Nilimwambia ni uongo wangu na nimekuja kumwomba radhi.

Akaacha kufunga kamba.

"Wewe ni mtoto mwema, mwalimu," alisema. "Lakini mimi kweli niliitaka ichelewe. Nilikuwa na vyungu ishirini na vitatu. Niliomba wiki moja. Nilisema moyoni, wiki moja tu, kisha inyeshe. Hakuna aliyenisikia, lakini nilisema."

Nikamwambia kutaka si kosa, mtu anaweza kutaka lolote. Nikamweleza tena kuhusu redio, na mawe, na jinsi nilivyokuwa nimechoka siku ile. Alikuwa akitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto anayemtetea mamaye. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyoniona mwema zaidi. Mwisho akaniambia nitachelewa shule. Mzigo wake ulikuwa mdogo, kitenge kimoja na sufuria. Alikwenda kwa miguu mpaka Misigiri kungoja basi la Singida, na kutoka huko sijui alipanda magari mangapi mpaka akafika Rungwa kwa ndugu yake.

Mvua ilinyesha siku ya nne baada ya yeye kuondoka.

Ilinyesha mchana, darasa langu likiwa linasoma, na sikuweza kuwazuia watoto. Walikimbia nje wote wakapanua midomo. Kijiji kizima kilikuwa nje. Waliobakiza mbegu kidogo wakazitafuta, wasiokuwa nazo wakaenda kuomba kwa ndugu zao vijiji vya jirani, na tulipanda upya tukiwa tumelowa. Watu walinishika mkono. Hawakusema lolote kuhusu mama mfinyanzi, hapakuwa na haja ya kusema; hesabu ilikuwa imekamilika yenyewe. Mfugaji alipita kwangu jioni. Akaniambia sasa ameelewa, siku tisa ni sahihi, ilikuwa imechelewa njiani tu.

Mawe mapya yalipopatikana nikaendelea kuandika ubaoni. Mwezi mzima nikaandika bahari ya watu wengine huku moyo unaniuma. Nilimwandikia mama mfinyanzi barua, nikaipeleka kwa mkono wa dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Itigi. Niliandika yote tena, kwa kalamu, kwa herufi kubwa, ili yeyote atakayemsomea asikosee: mimi ndiye niliyedanganya, wewe hukufanya kitu, nitasimama mbele ya mkutano niseme, nangoja tu neno lako. Nilijua ninapoandika kwamba nimemtwika na hilo pia. Mtu anayetaka kusema hangoji neno la mtu.

Jibu lilikuja wakati wa palizi. Bahasha ilikuwa imeandikwa Serikali ya Kijiji, kupitia Mwalimu. Mwenyekiti aliifungua, akaona ni ndefu, akanikabidhi niisome kwenye mkutano wa Jumapili. Sikupata kuiona kabla. Nikasimama mbele ya watu nikaanza kuisoma kwa sauti.

Aliwaamkia wote, wakubwa na wadogo. Alisema yu mzima, na udongo wa Rungwa si mbaya. Alisema amesikia mvua imefika na anamshukuru Mungu. Alisema anawaomba wanakijiji wamsamehe kwa tamaa yake ya wiki moja, maana aliona vyungu akasahau watoto wa wenzake. Kisha likafuata hili, na nililisoma kama lilivyoandikwa: "Na mwalimu msimlaumu, alitaka kunibebea kosa langu, hata amejisingizia uongo ili mimi niwe safi. Mtunzeni, vijana wa namna hiyo ni wachache."

Watu wote walikuwa wananitazama. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi. Hapo palikuwa na nafasi, tena kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilichotakiwa kufanya ni kusema hapana, amekosea, niliyoandika ni kweli. Miaka yote nimekuwa nikisema nilichoka. Siku ile sikuwa nimechoka. Ilikuwa Jumapili, nilikuwa nimelala vizuri, nimekula. Niliogopa tu, na tena, kwa aibu yangu, ilikuwa tamu kutazamwa vile.

Nikasoma salamu za mwisho, nikakunja barua. Walipiga makofi. Mwenyekiti alisema kijiji kimemsamehe mama yetu na akirudi atapokelewa, ikaandikwa kwenye kumbukumbu, na mwandishi wa kumbukumbu alikuwa mimi. Hakurudi. Baada ya mkutano yule mama aliyefuta machozi alituletea jogoo, akasema ni wa mwalimu, kwa utu wake.

Mke wangu alimpokea jogoo akashukuru. Alimchinjisha kwa jirani, akampika kwa mchuzi wa karanga kama ninavyopenda, akanipakulia sahani nzima na kuiweka mbele yangu. Kisha akakaa upande wa pili wa meza mpaka nilipomaliza, na yeye hakula.